Usipoziba Ufa

Kifaa chenyewe ni kidogo. Kina visahani viwili vya nyaya nyembamba zilizosukwa, vimeunganishwa katikati na kiuno kifupi, na ndani yake kumeshonewa kitambaa cha poliesta. Ukikiweka juu ya meza utadhani ni kawa mbili zilizogeuziana mgongo, zile kawa za miyaa ambazo bibi zetu wa pwani hufunikia chakula, ila hizi zimepunguzwa hadi zikaenea kwenye kiganja cha mtoto. Ukizivuta ncha zake mbili, kinanyooka na kuwa kamba inayoweza kupita ndani ya mrija. Ukikiachia, kinarudi kwenye umbo lake kana kwamba hakijawahi kuguswa. Kimoja kimo kifuani mwangu. Kimekaa kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu vya moyo, mahali palipokuwa na tundu nililozaliwa nalo.

Swali lililonisumbua baada ya matibabu halikuwa la kitabibu. Nilitaka kujua kitu hiki kimetoka wapi. Jina la kiwanda limeandikwa kwenye kadi ninayotembea nayo, hilo sikuwa na shida nalo. Nilitaka kujua ni nani wa kwanza aliyewaza kwamba moyo unaweza kufikiwa kwa kupitia mshipa wa mguu, na ni kina nani waliolazwa mezani wakati jambo hilo lilikuwa bado ni la kubahatisha. Nimesoma kwa miaka michache sasa. Hii hapa ndiyo hesabu niliyoipata.

Tuanze na jambo ambalo wengi hatuambiwi shuleni: sote tulikuwa na tundu moyoni. Mtoto akiwa tumboni hapumui. Oksijeni anaipata kwa mama yake kupitia kondo la nyuma, na mapafu yake yamejaa majimaji, hayajaanza kazi. Kwa hiyo moyo wake umejengewa njia mbili za mkato. Ya kwanza ni kidirisha chenye kifuniko baina ya vyumba viwili vya juu, kinachopitisha damu kutoka kulia kwenda kushoto bila kuzunguka mapafuni. Ya pili ni mshipa mfupi unaounganisha ateri ya mapafu na ateri kuu ya mwili. Mtoto akizaliwa na kulia, mapafu yanafunguka, shinikizo la upande wa kushoto wa moyo linapanda na kukisukuma kile kifuniko hadi kinajifunga. Ule mshipa mfupi nao hujikaza na kuziba ndani ya siku chache. Kwa karibu mtu 1 katika kila 4, kifuniko cha kidirisha hakigandi kabisa, na wengi wao huishi hadi uzeeni bila kujua.

Tundu la kuzaliwa nalo ni habari nyingine. Hapo ukuta wenyewe haukukamilika. Likiwa baina ya vyumba vya juu, damu iliyokwisha kupata oksijeni inavuja kutoka kushoto kurudi kulia, na mapafu yanapelekewa damu ileile mara mbili. Mtoto anaweza kwenda hivyo kwa miaka, akichoka kidogo kuliko wenzake, akikohoa kidogo zaidi. Likiwa baina ya vyumba vya chini, ambako moyo unasukuma kwa nguvu kubwa zaidi, na tundu lenyewe likiwa pana, mambo hayafichiki kwa muda mrefu: mtoto anatoka jasho akinyonya, anaachia titi ili apumue, haongezeki uzito. Na ule mshipa mfupi ukikataa kuziba, mapafu nayo yanafurika. Karibu mtoto 1 katika kila 100 huzaliwa na kasoro fulani ya moyo, na matundu ndiyo yanayoongoza.

Mimi nilikuwa wa kundi la kwanza. Utotoni Tanga nilikuwa yule mtoto wa kifua ambaye kila nyumba inamjua. Nilipofika miaka minne nilikatwa kimeo, kwa kuwa kikohozi kisichoisha kwetu kilihesabiwa kuwa ni kimeo kirefu, na alikuwapo fundi wake. Baadaye zahanati moja iliniandikia pumu, na kwa miaka kumi nilivuta dawa ya pumu. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, daktari mmoja aliyekuwa akinipima kwa ajili ya jambo jingine kabisa aliiacha stethoskopu kifuani mwangu kwa muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akaniuliza, "Kuna mtu amewahi kukuambia kwamba moyo wako una sauti ya ziada?"

Hakuna aliyewahi.

*

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, madaktari wengi waliuhesabu moyo wa mtu aliye hai kuwa mahali pasipoguswa. Wanasayansi wa Ufaransa walikwisha kupitisha mirija hadi moyoni mwa farasi. Claude Bernard alifanya hivyo mwaka 1844. Lakini farasi ni farasi.

Aliyevuka mpaka huo alikuwa Werner Forssmann, daktari kijana katika hospitali ya mji mdogo wa Eberswalde, kaskazini mashariki ya Berlin. Mwaka 1929 alimwomba mkuu wake ruhusa ya kujipitishia katheta, yaani mpira mwembamba wa kutolea mkojo, kwenye mshipa wa mkono hadi moyoni. Alikataliwa. Akamwendea Gerda Ditzen, muuguzi aliyeshika funguo za kabati la vifaa, akamweleza wazo lake kwa siku kadhaa hadi mwanamke yule akajitolea kuwa wa kwanza kufanyiwa. Siku yenyewe Forssmann alimlaza mezani, akamfunga mikono na miguu, akajifanya anamwandaa. Wakati huo alikuwa amekwisha kujichoma ganzi kwenye kiwiko chake mwenyewe. Aliuchana mshipa wake, akausukuma mpira ndani sentimita 65, akamfungua Gerda, na wote wawili wakashuka ngazi kwenda chumba cha eksirei, mpira ukiwa ndani yake. Picha ilionyesha ncha ya katheta imefika chumba cha juu cha kulia cha moyo.

Nimeisoma habari hii mara nyingi, na kila mara ninasimama kwa Gerda. Forssmann alihatarisha maisha yake, ni kweli. Lakini yeye ndiye aliyekubali kwanza, akijua ni nini kinaweza kutokea, na alifungwa kamba kwa hila. Vitabu vingi vinamtaja kwa sentensi moja.

Forssmann alichapisha makala yake mwaka huohuo. Hakupata sifa aliyoitarajia; alipokwenda kufanya kazi katika hospitali kubwa ya Charité, Berlin, hakudumu. Mwaka 1932 alijiunga na chama cha Nazi, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa daktari wa jeshi. Hilo nalo ni sehemu ya hesabu, siwezi kulifuta kwa sababu kazi yake imenifaa. Wakati huo huko New York, André Cournand na Dickinson Richards waliichukua njia ya katheta wakaifanya kuwa kipimo cha kawaida cha hospitali. Mwaka 1956 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel. Forssmann wakati huo alikuwa daktari wa njia ya mkojo katika mji wa Bad Kreuznach.

Hata hivyo katheta ilikuwa bado ni jicho tu. Iliweza kwenda moyoni, kupima shinikizo, kuchukua damu, kusema tundu liko wapi. Kuliziba ilikuwa kazi ya kisu.

Na kisu kilipita njia yake yenye maumivu. Mwaka 1938 huko Boston, Robert Gross aliufunga kwa uzi ule mshipa mfupi wa mtoto wa kike wa miaka saba. Mshipa huo uko nje ya moyo. Kuingia ndani kulihitaji kusimamisha damu, na ubongo hauvumilii kukosa damu zaidi ya dakika chache. Tarehe 2 Septemba 1952, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, John Lewis aliupoza mwili wa mtoto wa kike wa miaka mitano ili ubongo wake uhitaji oksijeni kidogo, akafungua moyo na kuziba tundu la vyumba vya juu katika muda wa dakika tano na nusu. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Mei 1953, John Gibbon wa Philadelphia alitumia mashine aliyoihangaikia kwa karibu miaka 20, mashine ya kufanya kazi ya moyo na mapafu, akaziba tundu la msichana wa miaka 18. Yule alipona. Waliofuata walikufa, na Gibbon akaachana na upasuaji huo.

Kisha akaja Walton Lillehei, hukohuko Minnesota. Yeye aliona kwamba mashine bora ya moyo na mapafu ipo tayari, ni mzazi wa mtoto. Tarehe 26 Machi 1954 alimlaza mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na kando yake akamlaza baba yake, akaiunganisha mishipa yao kwa mirija, damu ya mtoto ikawa inakwenda kwa baba kuchukua oksijeni na kurudi. Tundu la vyumba vya chini lilizibwa. Mtoto alikufa siku ya 11 kwa nimonia. Lillehei hakusimama. Aliwafanyia watu 45 kwa njia hiyo, na zaidi ya nusu walirudi nyumbani. Wakosoaji wake walisema huu ni upasuaji wa kwanza duniani unaoweza kuua watu wawili kwa mgonjwa mmoja, na hawakuwa wamekosea kuogopa. Lakini watoto wale bila upasuaji walikuwa wanakufa hata hivyo, na wazazi walilijua hilo walipojilaza.

*

Wazo la kulitibu tundu kwa katheta lilianza kwa njia ambayo ni kama kichekesho: tiba ya kwanza mashuhuri ya katheta ndani ya moyo wa mtoto haikuziba tundu, ilitoboa. Kuna watoto huzaliwa ateri zao kuu mbili zimebadilishana mahali. Damu ya mapafuni inazunguka peke yake, na ya mwilini peke yake. Mtoto kama huyo anaishi kwa sababu ya kile kidirisha cha tumboni ambacho hakijafunga, na kikifunga anakufa. Mwaka 1966 William Rashkind wa Philadelphia alipitisha katheta yenye kipira kwenye ncha, akaivusha kidirisha hicho, akakijaza kipira, kisha akakivuta kwa nguvu hadi ukuta ukachanika na damu ikachanganyika. Watoto waliokuwa wa bluu walibadilika rangi palepale. Njia hiyo bado inatumika.

Mwaka mmoja baadaye, 1967, Werner Porstmann alitangaza kwamba ameziba ule mshipa mfupi kwa kuupelekea kizibo cha sponji kupitia paja, bila kugusa kifua. Alifanya hivyo Charité, Berlin Mashariki, hospitali ileile ambayo Forssmann hakudumu. Kizibo kilikuwa kinene, kinahitaji ateri pana ya paja, kwa hiyo hakikuwafaa watoto wadogo, ambao ndio hasa waliokihitaji. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa.

Tundu la ukutani lilikuwa gumu zaidi. Mshipa ni kama chupa, unautia kizibo. Ukuta wa moyo ni kama kitambaa kinachotikisika mara 100,000 kwa siku. Ukitaka kukitia kiraka kutokea upande mmoja tu, lazima kiraka kijishike chenyewe pande zote mbili. Jibu la Terry King na Noel Mills, mmoja daktari wa moyo wa watoto na mwingine mpasuaji, lilikuwa miavuli miwili. Walifanya kazi katika hospitali ya Ochsner, New Orleans. Walianza na mbwa. Kisha mwaka 1975 walimpata msichana wa miaka 17: mwavuli wa kwanza ulipelekwa umekunjwa ndani ya mrija, ukafunguliwa upande wa kushoto wa ukuta, wa pili ukafunguliwa kulia, ikabanwa pamoja na tundu likabaki katikati. Alipona bila kushonwa kifua.

Waliwafanyia wagonjwa watano kwa mafanikio, wakaandika, wakaacha. Mrija wao ulikuwa mnene mno, na wapasuaji wakati huo walikuwa wameshakuwa hodari. Kuziba tundu la vyumba vya juu kwa kisu kulikuwa salama kiasi kwamba wengi hawakuona haja ya miavuli. Wagonjwa wale walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 25, na miavuli ilikuwa bado imekaa.

Miaka ya 1980 ilikuwa ya majaribio na kurudi nyuma. Rashkind alitengeneza miavuli yenye ndoano ndogo, na ndoano iliyokwisha kunasa mahali pasipo pake haing'oki kirahisi. James Lock wa Boston aliondoa ndoano, akatengeneza kifaa kinachojifunga kama kombe la baharini. Kilipendwa, kikawekwa ndani ya watu wengi, hadi picha za eksirei zilipoonyesha kwamba vyuma vyake vinavunjika kwa uchovu wa kukunjwa na kukunjuliwa na moyo. Mwaka 1991 kiliondolewa. Ninapofikiria watu waliobaki nacho vifuani, wakisubiri kila kipimo kwa hofu, ninaelewa kwa nini daktari wangu alinieleza hatari zote kabla ya kunieleza faida.

Kilichotatua tatizo kilitoka mahali pasipotarajiwa. Kati ya mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, William Buehler, mtaalamu wa vyuma katika maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani, alikuwa akitafuta metali ya kutumika kwenye vichwa vya makombora. Alichanganya nikeli na titani. Yeye na wenzake wakagundua kwamba metali hiyo inakumbuka: ukiipinda, kisha ukaipasha moto, inarudi umbo ililofundishwa. Ikiandaliwa vizuri, inarudi hata kwa joto la mwili. Waliiita nitinoli, jina lililobeba herufi za metali hizo mbili na za maabara yao.

Kurt Amplatz, mtaalamu wa eksirei aliyezaliwa Austria mwaka 1924 na kufanya kazi Chuo Kikuu cha Minnesota, chuo kilekile cha Lewis na Lillehei, aliichukua nitinoli na badala ya kuifanya miguu ya mwavuli akaisuka. Nyaya nyingi nyembamba, kila moja ikichukua sehemu ndogo tu ya mzigo. Hakuna ndoano, hakuna pembe. Daktari akiona kifaa hakijakaa vizuri, anakivuta kinaingia tena mrijani, anaanza upya. Mwaka 1995, huko Bratislava, Slovakia, Jozef Mašura na wenzake walikiweka kwa wagonjwa wa kwanza. Mwaka 2001 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ilikiruhusu. Tangu hapo kuziba tundu la aina yangu kwa kisu kumekuwa ni kwa wale tu ambao kifaa hakiwafai: tundu likiwa pembeni mno, au ukuta wake ukikosa ukingo wa kushikia.

*

Mimi nilifanyiwa nikiwa na miaka 22. Nililala usingizi wa dawa, kwa hiyo ninachokijua nilikisoma kwenye ripoti na kukisikia kwa waliokuwapo. Walitoboa kidogo kwenye kinena cha kulia, wakaingia kwenye mshipa unaorudisha damu moyoni. Kipimo cha eko kilikuwa kimeshushwa kooni mwangu ili waone ukuta kwa karibu. Walilipima tundu, wakachagua ukubwa wa kifaa, wakafungua kisahani cha kushoto kwanza, wakakivuta taratibu hadi kikaegemea ukuta, wakafungua cha kulia. Kisha daktari alikitikisa, akivuta na kusukuma, kuhakikisha hakiponyoki. Alipotosheka akazungusha waya wa kupelekea, na kifaa kikaachwa peke yake. Nilitembea kesho yake. Kovu langu ukilitafuta hulioni.

Kwa miezi sita nilimeza asipirini kila siku, ili damu isigande juu ya nyaya wakati mwili unazifunika. Maana mwili huzifunika. Utando wa ndani wa moyo huota juu ya visahani polepole, na baada ya miezi kadhaa kiraka kinakuwa kimezikwa ndani ya nyama ya mtu mwenyewe. Mara chache sana kifaa hukwangua ukuta wa moyo na kuutoboa. Ndiyo sababu bado ninarudi kwa vipimo.

Kitanda cha jirani yangu kilikuwa na binti wa miaka 15. Midomo yake ilikuwa ya zambarau, na ncha za vidole vyake zilikuwa zimevimba mviringo kama vijiti vya ngoma. Tundu lake lilikuwa la vyumba vya chini. Mama yake, aliyekuwa ametoka naye Kigoma, aliniona ninatembea siku ya pili, akamsubiri daktari wa zamu.

"Daktari, huyu mwenzake ameshazibwa. Na wangu lini?"

Daktari hakumjibu akiwa amesimama. Alivuta kiti akaketi mbele yake. "Mama," alisema, "la huyu tulilikuta kwa wakati. La mwanao limeshakuwa mlango wake. Tukilifunga sasa, moyo hautakuwa na pa kupumulia."

Alichokuwa akikisema kilielezwa mara ya kwanza mwaka 1897 na Victor Eisenmenger, daktari wa Austria, kutokana na mgonjwa wa miaka 32 aliyezaliwa na tundu kama hilo. Mapafu yakimiminiwa damu kwa nguvu mwaka baada ya mwaka, mishipa yake midogo hujihami kwa kunenepesha kuta. Kuta zinakuwa nene, njia zinakuwa finyu, shinikizo linapanda, hadi siku moja linalishinda lile la upande wa kushoto na damu inageuza mkondo. Damu isiyo na oksijeni inaanza kupita tunduni kwenda mwilini, na mtu anakuwa wa bluu. Ukilifika tundu wakati huo, kuliziba ni kumuua. Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sikuwahi kufikiria kwamba methali hiyo inaweza kutokea neno kwa neno ndani ya mapafu ya mtoto.

Mama yule alikaa kimya kwa muda. Kisha akauliza, "Wakati wenyewe ulikuwa lini?" Daktari alimwambia: kabla hajaanza kutembea, au muda mfupi baada ya hapo. Mama akasema wakati huo alikuwa akimpeleka kliniki kila mwezi.

*

Kwa hiyo historia ya tundu la moyo ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya wavumbuzi niliowataja, na imeandikwa. Nusu ya pili ni ya umbali kati ya kifaa na kifua kinachokihitaji.

Umbali huo umepunguzwa kwa mikono mingi. Kwa miaka mingi Serikali ya Tanzania ilikuwa ikiwapeleka wagonjwa wa moyo India, na watoto kadhaa wa Zanzibar na Bara walitibiwa Israel kupitia shirika la Save a Child's Heart. Mwaka 2015 Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ilianzishwa Dar es Salaam, katika eneo la Muhimbili, na leo kuziba matundu bila kufungua kifua kunafanyika hapo. Nairobi, hospitali ya Mater imekuwa na mbio zake za kila mwaka, maelfu ya watu wakivaa fulana za rangi moja na kukimbia ili watoto wasio na uwezo wafanyiwe upasuaji wa moyo. Kila nikiona picha za mbio hizo ninafikiria jambo la ajabu: watu wenye pumzi wanaikimbiza kwa niaba ya wasio nayo.

Lakini mfano unaonigusa zaidi uko mbali, La Paz, Bolivia, mji ulio kwenye urefu wa mita 3,600 hivi. Hewa ya huko ni nyepesi. Oksijeni ndiyo inayouamuru ule mshipa mfupi wa mtoto mchanga ujikaze, na ikiwa haba, mara nyingi zaidi mshipa haufungi. Daktari Franz Freudenthal aliona kwamba vifaa vya nje ni ghali na havikutengenezwa kwa watoto wa milimani. Alibuni kifaa kinachosukwa kwa waya mmoja tu wa nitinoli, kitu ambacho mashine haikiwezi kirahisi. Wanaokisuka ni wanawake wa Kiaymara, ambao ufumaji ni urithi wao wa karne nyingi. Wanakaa katika chumba safi, wamevaa barakoa, wanasuka kwa mkono vizibo vya mioyo ya watoto wa nchi yao na wa nchi nyingine.

Nilipoisoma habari hiyo niliwakumbuka wanawake wa kwetu wanaosuka ukili barazani mchana, vidole vyao vikifanya kazi bila macho kuangalia. Sisemi kwamba kesho wapewe nitinoli. Ninasema tu kwamba ujuzi wa kutengeneza kitu hiki haukuwa wa ajabu kama nilivyodhani. Kilichokuwa adimu ni mtu wa kukitazama chumba cha wafumaji na chumba cha wagonjwa kwa wakati mmoja.

Na kwetu, kilichokosekana kwa binti wa Kigoma hakikuwa hata kifaa. Kilikuwa sikio. Tundu kubwa huwa na sauti au na dalili: jasho wakati wa kunyonya, pumzi za haraka, uzito usiopanda, nimonia inayorudi. Stethoskopu ikikaa kifuani dakika moja, na anayesikiliza akajua anachokitafuta, safari ya kwenda kwenye eko inaanza mapema.

Mwaka jana dada yangu alijifungua. Mtoto alipofikisha wiki sita niliwasindikiza kliniki. Alipimwa uzito kwenye mizani ya kuning'inia, akachomwa chanjo, kadi ikaandikwa, na muuguzi akaita jina linalofuata. Dada yangu alikuwa ameshaanza kumfunga kanga mgongoni.

"Samahani, dada," nilimwambia muuguzi. "Mimi nilizaliwa na tundu kwenye moyo. Naomba mtoto asikilizwe kifua."

Foleni ilikuwa ndefu, na nilisikia mtu nyuma yetu akifyonza. Muuguzi alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akaenda chumba cha pili kumwita daktari. Daktari alipasha kichwa cha stethoskopu kiganjani mwake kwanza. Akasikiliza mbele, pande zote mbili, kisha mgongoni, mtoto akichezea waya wake. Alichukua muda. Hatukuongea.

"Iko safi," alisema, akaandika kwenye kadi, pembeni, kwa kuwa hapakuwa na mstari wake.